Niache hisabati na kemia, nichukue masomo ninayoyaweza?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 16. Shule imetupa wiki tatu tuchague masomo manne tutakayoendelea nayo hadi mwisho wa sekondari. Mtihani uliopita nilipata fasihi 81, biolojia 78, historia 74, kemia 57 na hisabati 41. Baba anataka niwe daktari. Mimi napenda biolojia na napenda kuandika, lakini sijui nataka kuwa nani. Rafiki zangu wanaacha hisabati na kemia ili wapate alama nzuri. Nimekuambatishia karatasi yangu ya hisabati ujionee mwenyewe kwamba mimi na hisabati hatupatani. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na karatasi ya hisabati nimeipitia swali kwa swali, kalamu mkononi. Nitaanza na hiyo karatasi, maana ndani yake kuna jambo ambalo nadhani hukuliona, na aliyekusahihishia hakupata nafasi ya kukuonyesha.

Swali la 4 lilitaka ujumlishe 2/3 na 1/4. Umeandika 3/7: umejumlisha namba za juu, ukajumlisha na za chini. Jibu ni 11/12. Swali la 9 lilitaka utafute x, ikiwa x/3 + x/4 = 14. Umeandika 2x/7 = 14, ukaishia na x = 49. Hebu tazama ulichofanya baada ya hapo. Umezidisha pande zote mbili kwa 7, ukagawa kwa 2, hukuteleza hata mara moja. Ulipoteleza ni mstari wa kwanza tu, na ni kosa lile lile la swali la 4. Ungeandika 7x/12 = 14, x ingekuwa 24.

Swali la 12 ndilo lililonifanya niache kila kitu nikujibu. Mtu anakwenda mahali kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, anarudi kwa njia ile ile kwa kilomita 4 kwa saa, na safari nzima inamchukua saa 5. Umbali wa kwenda ni kilomita ngapi? Swali hili huwaangusha wengi, kwa sababu hukimbilia kusema wastani wa mwendo ni 5. Wewe hukukimbilia huko. Uliandika d/6 + d/4 = 5, mlinganyo sahihi kabisa, ulioutoa kichwani mwako. Kisha ukaandika 2d/10 = 5 na kupata 25. Jibu ni 12. Maswali matatu yamepotea kwa kosa moja la kujumlisha sehemu.

Nimekupitisha huko kwa sababu uamuzi wako wote umeusimamisha juu ya maneno hayo, kwamba wewe na hisabati hampatani. Wanafunzi wengi niliokaa nao kuzungumza juu ya masomo wameniambia hivyo hivyo, na nikiomba kuona madaftari yao, mara nyingi nakuta hali kama yako: kuna tundu lililoachwa wazi miaka minne au mitano nyuma, pengine wiki ile mwanafunzi aliyokuwa anaumwa, na kila mada mpya inavujia hapo. Mtoto anaona 41 anajihesabu kuwa hana kichwa cha hesabu. Asiye na kichwa cha hesabu hawezi kuandika d/6 + d/4 = 5.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Unasema hujui unataka kuwa nani, na unalisema kama mtu anayekiri kosa. Si kosa. Mwaka 2020 shirika la OECD, linalounganisha nchi nyingi zilizoendelea kiuchumi, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa vijana wa miaka 15 katika nchi 41, na ikaonekana kwamba wasichana 53 katika kila 100, na wavulana 47, walikuwa wakitarajia kufanya kazi ndani ya orodha fupi ya kazi kumi tu: udaktari, ualimu, uanasheria na nyingine za namna hiyo ambazo mtoto huziona tangu utotoni. Kwa hiyo hata wenzako wanaosema wanajua, wengi wao wametaja tu kazi walizowahi kuziona. Ukilazimisha jibu leo utachagua kutoka kwenye hiyo hiyo orodha fupi.

Kwa hiyo swali la "nataka kuwa nani" liweke kando kwanza, ujiulize hili: somo gani nikiliacha leo, kulirudia baadaye kutanigharimu sana?

Hisabati imejengwa kama ngazi. Sehemu zinabeba aljebra, aljebra inabeba milinganyo na grafu, hizo zinabeba kalkulasi na takwimu. Ukishuka ukiwa katikati, huwezi kurudi miaka sita baadaye ukaanzia juu. Kemia nayo ina vidato vyake: asiyeielewa moli, kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali, hawezi kukokotoa ukolezi wa myeyusho, na asiyeweza hilo atakwama mbele kwenye asidi na besi. Tena kemia ina maabara. Kudondosha besi kwenye asidi tone kwa tone, jicho limekaza kwenye chupa, hadi tone moja linapogeuza rangi ya maji yote, ni jambo la kujifunza kwa mikono, pembeni yako akiwepo mwalimu. Chumbani kwako hutaliweza.

Historia, fasihi, elimu ya jamii na masomo ya namna hiyo ni kama uwanja mpana wenye malango mengi. Anayetaka kusoma karne ya 19 halazimiki kumaliza kwanza ya 15. Naomba hapo unielewe: sisemi ni masomo mepesi. Insha ya historia iliyopangwa vizuri, yenye hoja na ushahidi, ni kazi ngumu, na wapo mabingwa wa fizikia wasioiweza. Ninachopima ni ugumu wa kurudi. Mtu akiacha historia ana miaka 16 akaihitaji ana 22, atasoma, atauliza, atashika. Akiacha hisabati, itambidi ashuke hadi pale alipoachia, ndipo aanze kupanda upya.

Kwa kuwa unapenda biolojia, nikupe kisa cha wanabiolojia wawili. Charles Darwin alichukua maua ya aina mbili ya mmea uitwao snapdragon, lile la kawaida na lile lenye umbo lisilo la kawaida, akayapandisha. Kizazi cha kwanza yote yakatoka ya kawaida. Akaacha mimea hiyo ijizalishe yenyewe, kisha akahesabu kizazi kilichofuata. Kati ya miche 127, ya kawaida ilikuwa 88, yenye umbo geni 37, na miwili ilikuwa katikati. Akaziandika namba hizo kwenye kazi aliyoichapisha mwaka 1868, akapita.

Miaka hiyo hiyo mtawa mmoja, Gregor Mendel, alikuwa akipanda njegere. Kabla ya hapo, kati ya 1851 na 1853, Mendel alikuwa amesoma fizikia na hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna. Naye akahesabu kizazi cha pili: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Akagawanya, akaona ni karibu sana na tatu kwa moja. Akarudia kwa sifa nyingine za njegere, tatu kwa moja ikajirudia, akajua kuna kanuni hapo. Aliichapisha mwaka 1866, na elimu yote ya jenetiki, yaani ya urithi wa sifa, imesimama juu ya hesabu hiyo. Sasa rudi kwa Darwin ugawanye 88 kwa 37. Ni zaidi kidogo ya mbili. Mimea yake ilikuwa michache, kwa hiyo uwiano haukujitokeza wazi, lakini pia hakuwa na mazoea ya kuutafuta. Uzeeni alipoandika habari za maisha yake, alisema anajuta sana kutoendelea na hisabati angalau hadi kuelewa kanuni zake kubwa, kwa sababu wenye ujuzi huo wanaonekana kama wana hisi moja ya ziada.

Darwin alibaki kuwa Darwin, wala sikutishi. Ninachotaka ni ujue kwamba biolojia unayoipenda, kadiri unavyopanda, inazidi kuwa ya hesabu. Hata ukiondoka kwenye utafiti ukaenda wodini ni hivyo hivyo. Muuguzi ana mtoto wa kilo 12, dawa inatolewa miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Mtoto anahitaji miligramu 180, yaani mara moja na nusu ya 120, kwa hiyo mililita 7.5. Nukta ikihama nafasi moja, inakuwa 75. Hesabu hiyo ni ya sehemu, ile ile ya swali lako la 4, na muuguzi anaifanya amechoka, usiku, bila mwalimu wa kumsahihisha.

Basi tufanye kazi ya karatasi. Chukua karatasi kubwa, uilaze kwa upana. Kushoto andika kozi nane unazoweza kuzifikiria hata kwa mbali, za baba na za kwako. Juu andika masomo yako matano. Kisha tafuta mwongozo wa udahili wa vyuo unavyoweza kwenda, usome sifa za kujiunga za kila kozi kama zilivyoandikwa na chuo chenyewe, kwa mwaka utakaoomba wewe. Usichukue ya kuambiwa, hata nikikuambia mimi, kwa sababu hubadilika na hutofautiana chuo kwa chuo. Unaposoma, tenganisha mambo matatu: somo lililo la lazima, somo linalopendelewa, na alama ya chini inayokubalika. Watu huyachanganya haya, kisha wanakata tamaa kwa ajili ya somo ambalo lilikuwa linapendelewa tu, au wanajiamini kwa somo walilosoma lakini hawakufikia alama.

Mimi nimekujaribishia, nikiandika udaktari, famasia, uuguzi, lishe, sayansi ya mazingira, saikolojia, sheria na uandishi wa habari. Safu ya kemia ndiyo iliyojaa kuliko nilivyotarajia. Mahali pengi udaktari na famasia vinaidai wazi, na uuguzi, lishe na mazingira huitaka au huipendelea. Biolojia iko karibu nayo. Hisabati inadaiwa kwa kiwango cha juu katika chache kati ya hizo nane, lakini ufaulu wa kawaida wa hisabati unatajwa mara nyingi, na saikolojia, ambayo wengi huikimbilia wakidhani ni ya mazungumzo, chuoni ina takwimu tangu mwaka wa kwanza. Sheria na uandishi wa habari mara nyingi havitaji somo fulani kuwa la lazima. Vinataka alama za juu na uwezo wa lugha. Safu ya historia ilibaki karibu tupu, ingawa stadi zake ni mali kubwa kwa mwanasheria na mwandishi.

Unaona karatasi inavyosema? Mwenye biolojia, kemia na fasihi, mahali pengi anaweza kuomba sheria au uandishi wa habari. Mwenye historia, fasihi na jiografia hawezi kuomba famasia. Upande mmoja njia ni ya kwenda na kurudi, upande wa pili ni ya kwenda tu. Kinachonifanya nikusihi usiifunge kemia mapema ni hicho, wala sina maana kwamba sayansi ina heshima kuliko sanaa.

Angalia pia kiwango cha somo, jina peke yake halitoshi. Wanaosoma International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari, kwa mfano, tangu 2019 wana kozi mbili tofauti za hisabati, na ipo shahada inayokubali moja ikakataa nyingine. Na usibabaishwe na majina yanayofanana. Vyuo vikuu vingi vya Uingereza vinavyofundisha sayansi ya kompyuta hudai hisabati, lakini somo la kompyuta lenyewe havilazimishi. Uchumi nao, ukifika chuoni, nusu yake ni hisabati iliyovaa nguo nyingine.

Nchi nazo zinatofautiana katika muda wa kuamua. Uingereza mwanafunzi wa miaka 16 kwa kawaida hubaki na masomo matatu, na akiwa na 18 anaweza kuingia moja kwa moja kwenye udaktari au sheria. Marekani mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, ndipo aombe chuo cha udaktari au cha sheria. Huko hata aliyesomea fasihi anaweza kuwa daktari, ila lazima njiani awe amechukua kozi za biolojia, kemia na fizikia, kwa sababu mtihani wa kuingilia unazipima. Kwa hiyo ngazi iko pale pale, kinachobadilika ni umri wa kuipanda.

Sasa alama, maana rafiki zako hawana makosa yote. Somo utakalofeli halifungui mlango wowote, hata kama lina jina kubwa. Nimewaona wanafunzi waliong'ang'ania fizikia kwa ajili ya heshima, wakatoka na matokeo ambayo hayakuwapeleka kwenye uhandisi wala kwingine, ilhali wangeng'ara kwenye lugha. Iliniuma kila mara. Kwa hiyo sikuambii ubebe hisabati kwa imani. Nakuambia uipime, na una wiki tatu za kuipima.

Siku kumi za kwanza, dakika 40 kila siku, fanya sehemu tu. Siku tatu ziwe za namba tupu: tafuta kigawe kidogo cha shirika, geuza asili zifanane, jumlisha, toa. Siku nne zinazofuata weka herufi, x/3 + x/4, x/2 toa x/5. Siku tatu za mwisho rudia maswali ya mtihani wako uliyokosa, mwalimu wako akiwa amekubadilishia namba. Kila ukipata jibu, lirudishe kwenye swali. Ile 25 yako, kwa kilomita 4 kwa saa, kurudi peke yake kungechukua zaidi ya saa 6, na safari nzima ilikuwa saa 5. Ungelirudisha ungeshtuka mwenyewe. Siku ya kumi na moja omba mtihani mwingine wa mada zile zile. Usitegemee 80. Ukipanda kutoka 41 hadi 55, umepata ushahidi kwamba tundu lilikuwa moja na linazibika. Ukibaki palepale baada ya kujitoa kweli kweli, huo nao ni ushahidi, na tutaufuata bila aibu.

Kemia ifanyie uchunguzi kama nilioufanya mimi kwenye hisabati. Toa karatasi, panga alama 43 ulizopoteza kwa makundi: zilizopotea kwa kutokumbuka, kwa hesabu, kwa kutoelewa swali, kwa vitendo vya maabara. Kemia imejaa uwiano, na sitashangaa ukikuta sehemu ya alama hizo imevujia kwenye tundu lile lile. Kama ni hivyo, siku kumi zako zitakuwa zimetibu masomo mawili.

Uandishi nao nauchukulia kwa uzito. Alama 81 ya fasihi na barua yako yenyewe vinanionyesha kipaji ambacho sitaki kizimwe na hofu ya ajira. Wapo watakaokuambia kuandika ni jambo la pembeni, utaandika "ukipata muda". Usiwasikilize. Uandishi unakua kwa kusahihishwa na mtu anayejua, rasimu baada ya rasimu, na darasa la fasihi linakupa mtu huyo. Tena ulimwengu una uhaba mkubwa wa watu wanaoijua sayansi kwa undani na kuweza kuieleza kwa lugha inayoeleweka: mwandishi wa habari za afya, mtungaji wa vitabu vya kiada, mwanasheria anayesimamia kesi za hataza, yaani haki za uvumbuzi, za dawa, mtafiti anayeandika maombi ya fedha za utafiti. Mapenzi yako mawili yanakutana sehemu nyingi kuliko unavyodhani.

Ndiyo maana masomo ninayokupendekezea ni biolojia, kemia, hisabati na fasihi. Historia inatoka, na najua 74 si alama ya kuitupa, lakini ndiyo unayoweza kuisoma kwa vitabu na kuirudia wakati wowote. Kabla ya yote uliza kama shule yako inaruhusu mchanganyiko huo, kwa sababu nyingi hufunga masomo katika michepuo na haziruhusu fasihi ikae na kemia. Uliza ofisi ya taaluma, usiulize wanafunzi wenzako. Mara nyingine kinachozuia ni ratiba tu, na mzazi akienda kuzungumza inapatikana nafasi. Ikishindikana kabisa, na mtihani wa siku ya kumi na moja ukienda vizuri, chukua upande wa sayansi, halafu mwombe mwalimu wa fasihi akusomee ukurasa mmoja kila wiki. Walimu wengi wa fasihi wangefurahi kuombwa hivyo. Mtihani ukienda vibaya na kemia nayo ikawa inakutesa, chukua fasihi, historia, biolojia na somo la nne unaloliweza, na uende nayo kifua mbele, ukiweka jicho kwenye sheria, uandishi na saikolojia.

Kuhusu wenzako nitakuwa mfupi. Usichague somo kwa sababu rafiki yupo, wala kwa sababu mwalimu wake anafundisha vizuri. Rafiki atakwenda njia yake, na mwalimu anaweza kuhamishwa muhula ujao.

Kwa baba nenda taratibu. Usimwendee na "sitaki udaktari", kwa sababu bado hujui kama hutaki. Mpelekee ile karatasi kubwa, mkae nayo mezani. Mwonyeshe kwamba masomo unayoyachagua hayaufungi mlango wa udaktari, ila yanaacha wazi na mingine saba. Kisha muulize kwa heshima anaogopa nini hasa. Wazazi wengi wanaposema udaktari wanasema kazi isiyokosekana na mtoto asiyeteseka, na ukilijua hilo mnaweza kuzungumza juu ya famasia, lishe au afya ya jamii bila ugomvi. Muombe pia akutafutie watu wawili wa kuzungumza nao, mmoja daktari, mmoja anayeishi kwa kuandika. Usiwaulize kama wanaipenda kazi yao, maana watakujibu kwa adabu tu. Waulize: "Jana ulifanya nini, kuanzia ulipofika kazini hadi ulipotoka?" Mwache mtu akueleze saa kwa saa. Utashangaa ni muda gani daktari anautumia kuandika, na ni muda gani mwandishi anautumia kwenye simu akisubiri kujibiwa.

Kuna swali hukuliuliza lakini najua limo vichwani mwenu wote: je, akili mnemba haitazifuta kazi hizi kabla hamjamaliza shule? Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hiyo ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2024, alisema watu waache kuwafundisha madaktari wa radiolojia, wale wanaosoma picha za eksirei na nyingine za ndani ya mwili, kwa kuwa ndani ya miaka mitano kompyuta zingesoma picha vizuri kuwazidi. Miaka mitano ikapita, na hospitali zikaendelea kuwatafuta. Kijana aliyeacha njia hiyo kwa kauli ile aliacha kazi nzuri. Kama mtu aliye kwenye kiini cha jambo anakosea muda namna hiyo, usikubali somo lako liamuliwe na utabiri wa mtu mwingine yeyote. Chukua masomo yanayokupa msingi wa kujifunza mengine.

Na ukikosea? Hutakufa kwa hilo. Shule nyingi huruhusu kubadili somo katika wiki za mwanzo, kwa hiyo ukihisi umepotea sema mapema, usisubiri mtihani wa mwisho wa mwaka. Mbele zaidi zipo njia za stashahada, zipo kozi za mwaka mmoja wa maandalizi zinazofundisha upya hisabati na sayansi kwa waliozikosa, na vipo vyuo kama Open University ya Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969, ambacho kozi zake nyingi hazidai cheti cha awali. Njia hizo ni za kweli, watu wamepita. Ila zinadai mwaka au miwili na fedha, na ndiyo sababu nakuhimiza utumie wiki tatu hizi vizuri.

Jumatatu nenda na karatasi hii hii kwa mwalimu wako wa hisabati. Mwonyeshe swali la 4, la 9 na la 12 kwa pamoja, umwambie umegundua ni kosa moja, na umwombe mazoezi ya sehemu ya madarasa ya chini. Usione haya kwamba ni ya madarasa ya chini. Ukishafanya ule mtihani wa siku ya kumi na moja, niandikie matokeo, na uniambatishie karatasi ya kemia pia. Nitaipitia kama nilivyoipitia hii.